Anwani ya Zamani Usiifute Kwanza

Swali ninaloulizwa kuliko yote na watu ninaowasaidia mambo ya kompyuta ni hili: "Nitaifutaje ile imeili yangu ya zamani?" Anayeuliza mara nyingi ameshapata anwani mpya, safi, yenye jina lake kamili, anayoweza kuiandika kwenye wasifu wa kazi bila kuona haya. Ile ya zamani, yenye jina la utani la sekondari na tarakimu za mwaka aliozaliwa, hataki hata kuiona. Anataka nimwoneshe kitufe cha kufuta, abonyeze, yaishe.

Kitufe kipo, na kukifikia ni kazi ya dakika chache. Hata hivyo mimi huwa nawazuia. Anwani ya barua pepe haikai kwenye akaunti yako peke yake. Imeandikwa benki, kwenye fomu za ajira, kwenye simu za ndugu, kwenye kumbukumbu za chuo, na huko kote kitufe chako hakifiki. Ukiifuta upande wako, upande wa pili bado wanaamini kwamba anwani ile ni wewe, na wataendelea kuamini hivyo hata siku ikiwa mikononi mwa mtu mwingine.

Nitatumia zaidi mfano wa akaunti ya Microsoft, maana huko suala la anwani mbadala limepangwa waziwazi, na watu wengi wa rika langu wana mabaki yao huko. Hotmail ilifunguliwa kwa umma tarehe 4 Julai 1996 na vijana wawili, Sabeer Bhatia na Jack Smith, na kabla mwaka 1997 haujaisha Microsoft walishainunua. Outlook.com, huduma yao mpya ya barua pepe, ikaja mwaka 2012, na mwaka uliofuata watumiaji wa Hotmail wakahamishiwa huko, lakini waliachiwa anwani zao zilezile. Huku kwetu, waliojifunza intaneti kwa kulipia nusu saa kwenye intaneti kafe miaka ya mwanzo ya 2000 walifungua Yahoo au Hotmail, basi. Wengi wao leo wanasema wanatumia Outlook, na ukifungua akaunti unaikuta Hotmail ya mwaka 2003 imekaa pale pale, na ndiyo anwani kuu.

Akaunti moja ya Microsoft inaweza kubeba anwani hadi 10. Moja inakuwa kuu, ndiyo inayoonekana kwenye kompyuta na simu zako. Nyingine ni mbadala. Sanduku la barua ni moja, neno la siri ni moja, mafaili ni yale yale. Ni nyumba moja yenye milango kadhaa, na usipogusa chochote, ufunguo mmoja unafungua yote. Hapo ndipo watu wanapojichanganya: wanadhani mlango ambao hawaupiti tena umefungwa.

Karibuni nilikaa na mwalimu wangu wa Jiografia, mama ambaye sasa amestaafu na anaishi kwa binti yake. Nilipomaliza kumwamkia na kunywa chai aliyoniwekea, akafungua laptopu na kuingia kwenye akaunti yake, nami nikampeleka kwenye ukurasa wa maelezo yake, sehemu inayoonesha njia zote anazoweza kuingilia. Palikuwa na mistari mitatu. Wa juu Hotmail, yenye jina la shule aliyokuwa akifundisha. Wa pili Outlook, aliyofunguliwa na mwanawe wa kiume miaka michache iliyopita. Wa tatu namba ya simu.

"Mwanangu, hii ya juu ndiyo ninayotaka ife," akasema, kidole kikiwa juu ya kioo. "Kila siku takataka tu."

"Sawa, Mwalimu. Lakini hii namba ya chini, laini yake bado unayo?"

Akaitazama. "Hiyo? Hiyo ilifungwa wakati ule wa alama za vidole. Nilikuwa mgonjwa, sikwenda kusajili."

Msomaji wa Tanzania anaukumbuka wakati huo. Laini ambazo hazikusajiliwa kwa alama za vidole zilianza kuzimwa tarehe 20 Januari 2020, baada ya muda wa usajili kuongezwa. Namba iliyozimwa haibaki kaburini. Baada ya muda hurudi kwenye akiba ya kampuni ya simu na kuuzwa upya, na aliyeinunua hana habari kwamba ilishawahi kuwa ya mtu. Namba ya Mwalimu ilikuwa bado ni njia halali ya kuingilia kwenye akaunti yake. Mwenye laini hiyo leo angeiandika kwenye ukurasa wa kuingia na kuomba atumiwe namba ya uthibitisho kwa ujumbe mfupi, ujumbe ungekwenda kwake.

Kwa hiyo mstari alioushuku Mwalimu haukuwa wenye hatari kubwa. Hotmail bado ilikuwa yake, yeye ndiye anayepokea barua zake. Namba haikuwa yake tena. Tukaiondoa namba hapo hapo, kisha tukaenda kwenye ukurasa mwingine, ule wa taarifa za usalama, kwa sababu namba iliyoandikwa kama njia ya kuingilia na namba iliyoandikwa kwa ajili ya kurejesha akaunti ni vitu viwili tofauti hata kama tarakimu ni zile zile. Kuiondoa upande mmoja hakuiondoi upande wa pili. Nako ilikuwepo. Tahadhari moja tu hapa: ukiondoa taarifa zote za usalama kwa mkupuo na kuweka mpya, Microsoft wanakuwekea kipindi cha kusubiri cha siku 30 kabla mabadiliko hayajakamilika, wakihofia kwamba anayebadilisha ni mwizi. Ongeza kwanza namba mpya au anwani mpya, ithibitishe, ndipo uondoe ya zamani.

Huo ndio utaratibu ninaoushikilia kwa kila mtu. Kilichotoka mikononi mwako kiondoe leo, usilale nacho. Ambacho bado unakimiliki kipunguze nguvu, ukiache hai, ukifute baadaye kama bado kuna haja.

Kupunguza nguvu maana yake nini? Nilimwonesha Mwalimu orodha ya majaribio ya kuingia kwenye akaunti yake. Ukurasa huo upo kwa kila mwenye akaunti ya Microsoft na ningependa kila mtu aufungue japo mara moja. Mstari baada ya mstari, jaribio lililoshindikana, jaribio lililoshindikana, kila moja na nchi yake, nchi ambazo Mwalimu alizifundisha kwenye ramani na hajawahi kuzikanyaga. Yote yalipitia Hotmail. Hakuna aliyekuwa akimlenga yeye kama yeye. Ni mashine zenye orodha ndefu za anwani na maneno ya siri yaliyovuja kwingine. LinkedIn walivamiwa mwaka 2012, na mwaka 2016 ikajulikana kwamba anwani na maneno ya siri ya akaunti zaidi ya milioni 100 yalikuwa yanauzwa. Yahoo walivamiwa mwaka 2013, na miaka minne baadaye walikiri kwamba akaunti zote bilioni 3 ziliguswa. Anwani iliyotumika tangu enzi za kafe imo kwenye orodha nyingi za namna hiyo. Ukitaka kujua yako imo wapi, tovuti ya Have I Been Pwned, aliyoianzisha Troy Hunt wa Australia mwaka 2013, inakuonesha bure.

Tulichofanya ni kuifanya Outlook kuwa anwani kuu, kisha tukaingia kwenye mapendeleo ya kuingia na kuondoa tiki mbele ya Hotmail. Basi. Barua za Hotmail zinaendelea kuingia kwenye sanduku lile lile kama jana. Ila mtu akiandika anwani ile kwenye ukurasa wa kuingia, anaambiwa akaunti kama hiyo haipo, hata akiwa na neno la siri sahihi. Siku zilizofuata ile orodha ya majaribio ikakauka.

Mimi naona hii ni miongoni mwa hatua bora kabisa za usalama ambazo mtu wa kawaida anaweza kuchukua, na sielewi kwa nini haifundishwi zaidi. Kwa anayetaka kwenda mbali zaidi, namshauri aongeze anwani ya tatu ambayo haimpi mtu yeyote, haiandiki kwenye fomu yoyote, na kuifanya hiyo peke yake kuwa ya kuingilia. Zinazojulikana na watu zibaki za kupokelea barua tu. Akumbuke kuiandika mahali salama, maana anwani isiyotumika kila siku husahaulika haraka. Na kwenye mipangilio ya kuandika barua achague barua zake zitoke na anwani ipi, asije akaitangaza ile ya siri kwa kumjibu mtu.

Sasa kufuta kwenyewe. Watu wanachukulia kwamba kufuta ni kufuta, kumbe kila kampuni ina yake, na hata ndani ya Microsoft mambo hayafanani. Ukiondoa anwani ya Hotmail, Live au MSN kwenye akaunti yako, huwezi kuirudisha tena kwenye akaunti yoyote ya Microsoft. Imekwenda. Ukiondoa ya Outlook.com, baada ya kipindi cha kusubiri inaweza kuwa wazi kwa mtu mwingine kuifungulia akaunti mpya. Na kama anwani mbadala uliyoondoa ni ya Gmail au Yahoo, hujafuta chochote cha maana huko inakotoka. Umekata tu uhusiano wake na akaunti ya Microsoft, sanduku lake liko palepale na neno lake la siri. Barua zilizokwisha kuingia kabla hujaondoa anwani hazifutiki. Zinazokuja baadaye ndizo zinazogonga ukuta, na aliyezituma anarudishiwa taarifa kwamba mpokeaji hapatikani, ikiwa kweli ni mtu anayesoma taarifa hizo. Mifumo ya benki na ya mishahara haina anayesoma.

Kwa Gmail, jina likishafutwa hapewi mtu mwingine, na huo ni msimamo mzuri. Yahoo walichukua njia nyingine. Juni 2013 walitangaza kwamba majina ya akaunti yaliyokaa zaidi ya miezi 12 bila kutumika yatagawiwa upya kwa watu wanaoyataka. Kwa upande wao ilikuwa ni kuwapa watu majina mafupi na mazuri yaliyokuwa yamelala bure. Wataalamu wa usalama walionya tangu siku ya kwanza, na kabla mwaka haujaisha ikawa kama walivyosema: waliopewa majina hayo wakaanza kupokea barua za wenye majina wa zamani, zikiwemo za akaunti zao kwenye mitandao mingine. Yahoo wakaongeza kitufe cha kusema barua hii si yangu. Mwaka 2014, mtaalamu wa Yahoo na mwenzake wa Facebook walichapisha kanuni ya kiufundi, RFC 7293, inayomwezesha mtumaji kuweka kwenye ujumbe sharti hili: ufikishe tu kama mwenye anwani ni yuleyule tangu tarehe fulani. Ni wazo zuri, lakini linahitaji mtumaji na mpokeaji wote wawili walitumie. Sijaliona likizungumzwa na taasisi yoyote ya huku.

Kwa nini nalishikilia jambo hili hivyo? Kwa sababu ya kiungo kinachoitwa "umesahau neno la siri". Ukikibonyeza, tovuti haikuulizi wewe ni nani. Inatuma barua kwenye anwani iliyonayo, na anayeisoma ndiye mwenye akaunti. Anayemiliki anwani yako ya zamani hahitaji akili nyingi. Anahitaji kujua tu ni wapi uliitumia, na matangazo yanayoendelea kuingia kwenye sanduku yatamwambia.

Kisa kinachoonesha mnyororo huu vizuri ni cha Mat Honan, mwandishi wa jarida la Wired nchini Marekani. Agosti 2012, ndani ya muda mfupi, alipoteza akaunti zake za Apple, Google na Twitter, na simu, tableti na laptopu yake vikafutwa kwa mbali pamoja na picha za mtoto wake mdogo. Alikisimulia kisa chote mwenyewe. Wavamizi walianzia kwenye ukurasa wa Google wa kurejesha akaunti, ambao uliwaonesha sehemu ya anwani yake ya pili: herufi ya kwanza, nukta kadhaa, herufi ya mwisho, kisha me.com. Wakajua ana akaunti ya Apple. Wakapiga simu Amazon, wakaongea hadi wakapata tarakimu nne za mwisho za kadi yake. Tarakimu hizo, pamoja na anwani ya nyumbani ya kutumiwa bili, ndizo Apple walizokuwa wakizitumia wakati huo kumthibitisha mtu kwa simu. Kutoka Apple wakaingia Google, kutoka Google wakaingia Twitter, na walichokuwa wanakitaka muda wote ni lile jina lake la Twitter la herufi tatu. Amazon na Apple walibadilisha taratibu zao baada ya hapo. Mnyororo wenyewe bado upo kwa kila mmoja wetu: anwani moja imeandikwa kama mlinzi wa nyingine, na hiyo nyingine ni mlinzi wa ya tatu.

Huku kwetu mnyororo huo una pete ambayo huko Marekani hawana, nayo ni steshenari. Kila msimu wa maombi ya vyuo na mikopo, vijana wanajaa kwenye vibanda vya kuchapa na kutoa fotokopi, na kijana asiye na imeili anafunguliwa palepale na mhudumu. Mhudumu ana foleni, anataka amalize. Anatunga anwani, anaweka neno la siri analoliweka kwa wote ili asisahau, na sehemu ya namba ya simu anaweka yake, maana ya mwanafunzi haina chaji au haipo. Simlaumu, bila yeye wengi wasingeomba kabisa. Lakini anwani hiyo kijana anatoka nayo hadi chuoni, hadi kwenye Ajira Portal, tovuti ya maombi ya kazi serikalini, hadi kazini, na aliyekaa nyuma yake kama mlinzi ni mtu wa kibandani. Wanaonifuata wakiwa na anwani za namna hii siwaambii wafute. Nawaambia waingie leo, wabadilishe neno la siri, waondoe namba isiyo yao, waweke yao, wawashe uthibitisho wa hatua mbili, ndipo tuzungumze kuhusu anwani mpya.

Kazi ya kuhama inachosha, na sijaona njia ya mkato. Naanza kwenye sanduku lenyewe. Kwenye sehemu ya kutafuta naandika anwani ya zamani kama mpokeaji, kisha naongeza maneno ambayo tovuti hupenda kutumia mtu anapojisajili: karibu, thibitisha, akaunti yako, na ya Kiingereza yenye maana hizo hizo. Orodha inayotokea inamshangaza kila mtu. Maduka ya mtandaoni aliyonunua kitu kimoja, programu ya kujifunza lugha, jukwaa la zabuni, mfuko wa hifadhi ya jamii, shule ya mtoto. Naanza na pesa na vitambulisho: benki, bima, kodi, huduma za serikali. Kwa ndugu zangu wa Kenya, eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, ni ya kwanza kabisa. Halafu zile akaunti ambazo ni mlinzi wa nyingine, yaani imeili nyingine na simu yenyewe. Mitandao ya kijamii inafuata. Yanayobaki yote, majarida na matangazo, siyahamishi. Hayo ndiyo ninayoyaacha yafe na anwani.

Vijana wanaoandika programu wana jambo lao la kuangalia. Kwenye GitHub, tovuti ambako waandishi wa programu huweka kazi zao, kazi uliyoiweka inatambuliwa kuwa yako kwa anwani iliyoandikwa ndani yake. Ukiiondoa anwani hiyo kwenye akaunti, kazi zote ulizozisaini nayo zinaacha kuhesabiwa kwenye wasifu wako. Kijana aliyemaliza chuo na kuondoa anwani ya chuo kwa usafi tu anaweza kujikuta miaka mitatu ya kazi yake haina jina. GitHub wanatoa anwani ya kuficha ya bure kwa ajili ya kazi zijazo. Itumie, na ya zamani iache.

Maofisini mambo ni mepesi zaidi, ila yanasahaulika. Kwa wanaotumia Google Workspace, yaani huduma ya Google ya barua pepe za ofisi, kila mtumiaji anaweza kuwekewa anwani mbadala hadi 30 bila malipo ya ziada, na ukibadilisha anwani ya mfanyakazi, ile ya mwanzo inabaki yenyewe kama mbadala. Mhasibu akiondoka, anwani yake apewe anayeshika nafasi yake, ikae hivyo, wateja wasirudishiwe ankara zao. Bora zaidi ni kutompa mteja anwani ya mtu tangu mwanzo, bali ya kazi: uhasibu, manunuzi, mapokezi. Na jina la kikoa, yaani lile linalokuja baada ya alama ya @ kwenye anwani za kampuni, lilipiwe. Kampuni ikifa na kikoa chake kikaachwa kiishe muda, yeyote anaweza kukisajili na kupokea barua za kila aliyewahi kufanya kazi hapo, pamoja na viungo vya kubadilisha maneno ya siri.

Kuna pia anwani za kificho, ambazo nimezipenda sana. Apple wana huduma ya kuficha imeili, Mozilla wana Firefox Relay, DuckDuckGo wana yao, na SimpleLogin ilinunuliwa na Proton mwaka 2022. Unapewa anwani isiyo na jina lako, duka linaandika huko, barua inakufikia kwenye sanduku lako la kawaida. Duka likianza usumbufu unaizima hiyo moja, nyingine haziguswi. Hata hapa nasisitiza kuzima, kwa sababu iliyozimwa unaweza kuiwasha tena siku unapotaka kubadilisha neno la siri la duka hilo. Benki na serikali usiwape anwani za aina hii. Uhusiano wako na benki utadumu kuliko huduma nyingi za kificho. Wa Gmail wanaweza kuongeza alama ya kujumlisha na neno lolote baada ya jina lao, barua itafika tu, na hakuna cha kufuta kwa kuwa hakuna kilichosajiliwa. Inasaidia kuchuja. Haifichi kitu, maana yeyote anaweza kuliondoa neno hilo na kubaki na anwani yako halisi, na fomu nyingi za huku zinaikataa alama hiyo.

Anwani ya zamani ikae muda gani basi? Mimi nasema mwaka mzima usiopungua. Vitu muhimu vina tabia ya kuandika mara moja kwa mwaka: kumbusho la kikoa, bima ya gari, taarifa ya hisa, taarifa ya kodi. Mwezi mmoja wa ukimya hauthibitishi kitu. Ila usiikalie kimya nayo ikawa haifunguliwi kabisa, hasa kama ni akaunti inayojitegemea: Yahoo wanafuta sanduku lisilofunguliwa zaidi ya miezi 12, na Google tangu Desemba 2023 wanafuta akaunti binafsi zisizotumika kwa miaka miwili. Ingia mara moja moja, soma, toka. Mwalimu wangu, baada ya kuona wanafunzi wake wa zamani walioko Muscat na Toronto bado wanamwandikia Hotmail, ameamua haifuti kamwe.

Mwisho kuna taasisi zinazokataa kuhama nawe. Mwaka jana nilihangaika na moja ambayo mfumo wake unamtambua mtu kwa imeili aliyojisajili nayo siku ya kwanza, na dirishani nikaambiwa haibadiliki. Ukijibiwa hivyo usikubali kuondoka. Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na Kenya wana yao ya mwaka 2019. Zote zinakupa haki ya kutaka taarifa zako zisizo sahihi zirekebishwe. Andika barua, taja anwani ya zamani na mpya, eleza kwamba ya zamani huitumii tena, taja sheria kwa jina lake, weka nakala ya kitambulisho, na ubaki na nakala yenye muhuri wa kupokelewa. Wakinyamaza, hapa kwetu kuna Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya kupelekea lalamiko, na Kenya kuna Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data. Mimi barua ilitosha. Hadi walipobadilisha, anwani yangu ya zamani niliiacha wazi, na namba ya uthibitisho ya mabadiliko yenyewe ilitumwa huko.